Siku ya Arobaini na Moja

Mama mwenzangu, sabuni si kitu kibaya. Lakini mgeni akikupa mche wa sabuni, na madaftari mawili ya mtoto, na juu yake akakuchekea, wewe shukuru, kisha umuulize. Umuulize yeye mwenyewe. Usiende kuuliza bombani. Husna aliuliza bombani, na yaliyompata ndiyo haya.

Husna ni mke wa Athumani. Wanalima viazi na njegere juu ya Lukozi, kule ambako ukungu wa mwezi wa saba unaingia mpaka ndani ya sufuria. Nyumba yao inatazamana na ya Faraji, mdogo wake Athumani: uwanja mmoja, jiko la nje moja, kuku wanataga popote na yai ni la aliyeliona. Mke wa Faraji ni Nasra. Wanawake hawa waliolewa mwaka mmoja, wakajifungua mabinti mwaka mmoja, miezi minne kati yao, na mabinti wote wawili wakapewa jina la bibi yao mzaa baba, Mwanamisi. Kwa Wasambaa hilo si ajabu. Bibi ni mmoja, na kila mwanawe ana haki ya kuwa na mama yake ndani ya nyumba yake. Ili watu wasichanganye, wa Husna akaitwa Misi, na wa Nasra, aliyezaliwa nyuma, akaitwa Somo.

Walikuwa watoto wa miaka tisa, wanalala kitanda kimoja, wanakula sahani moja, na mmoja akiumwa koo leo, kesho mwenzake anaomba maji ya moto. Tofauti yao kubwa ilikuwa nyuki. Somo alikatazwa kusogelea mizinga ya mume wa Eliza, jirani wa ng'ambo ya kijito, kwa sababu alipokuwa mdogo aliumwa na nyuki akavimba mdomo mpaka macho yakafunga. Hivyo ndivyo Nasra alivyokuwa akisema, na Husna alikuwa haongezi neno.

Basi mwaka mmoja kabla ya korona, mwezi wa tano, gari jeupe likapanda mpaka shuleni. Watu wa utafiti wa moyo. Waliweka kitanda darasani, wakafunga pazia, wakawalaza watoto mmoja mmoja na kuwapaka kifuani ute wa baridi, halafu wakapitisha kidude kama sabuni iliyotumika, huku wanatazama kioo. Watoto mia tatu na kitu walipimwa. Tisa wakapewa karatasi warudi na wazazi. Misi alikuwemo. Somo alikuwemo.

Husna aliisoma ile karatasi mara tatu jikoni.

"Moyo," akasema. "Mtoto anapanda kilima na ndoo ya viazi kichwani, hahemi. Moyo upi huo unaoumwa?"

"Na wangu pia," akasema Nasra. "Katika watoto mia tatu, wawili watoke uwanja mmoja. Hata kwenye bahati nasibu haitokei."

"Wameshaona majina yanafanana, wakasema hawa hawa."

Siku ya kurudi waliketi kwenye benchi la zahanati, akina mama tisa. Nesi wa ile timu, Sista Janeth, mwanamke mnene mwenye sauti ya kubembeleza, akawaeleza. Alisema koo likiuma mara kwa mara bila kutibiwa, mwili unapigana na vijidudu vile, na katika kupigana huko unaweza kuumiza vimilango vilivyo ndani ya moyo. Kwa watoto hawa wameona kovu dogo, dogo sana. Kuna watoto ambao kovu hilo linafutika lenyewe. Kuna ambao linakua mpaka moyo unashindwa kazi, na hao wanakuja hospitali wakiwa wamevimba miguu, wamechelewa. Sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne huwasaidia wale walioumwa sana. Je, inawasaidia na hawa wenye kovu dogo, au inawatesa bure? Ndicho wanachotafuta. Kwa hiyo watoto wengine watachomwa, wengine watapigwa picha tu na kuangaliwa kwa karibu, na wote watatibiwa bure. Asiyetaka, asitie sahihi. Na atakayetia, akabadili mawazo kesho, aseme tu, hataulizwa.

Maneno yale yalikuwa mazuri, na uzuri wake ndio uliomtia Husna wasiwasi. Kama naweza kutoka wakati wowote, alijiuliza, wananisainisha ya nini?

Halafu maswali. Sista Janeth alipita kwa kila mama na fomu. Alipofika kwa Husna akauliza kama Misi amewahi kuvimba au kutoka vipele kwa dawa yoyote. Husna akasema hapana, na ilikuwa kweli. Akasogea kwa Nasra.

"Dawa, hapana," akasema Nasra. "Nyuki tu, Sista. Aliumwa akiwa na miaka mitatu, tukadhani tumempoteza."

Sista akaandika: nyuki. Husna akakohoa. Akageuza uso, akaanza kuzitazama bahasha zilizopangwa ndani ya boksi kama karata.

Zile bahasha ndizo zilizoamua. Kila mtoto alipoitwa, Sista alichukua ya juu na kuifungua mbele ya mama yake. Misi: sindano. Somo: kuangaliwa.

"Kwa nini wangu?" akauliza Husna.

"Si mimi, mama. Ni bahasha."

"Na bahasha nani kaifunga?"

"Zimepangwa mjini, kwa kompyuta. Hata mimi sijui ndani mna nini mpaka nifungue."

"Haya," akasema Husna. Ukimjua Husna, haya yake si kukubali. Ni kufunga mlango kwa ndani.

Alitia sahihi kwa sababu Athumani alishasema matibabu ya bure hayarudishwi. Siku hiyo hiyo Sista Janeth alimchoma Misi kidogo mkononi, chini ya ngozi, akangoja nusu saa akitazama kama patavimba. Hapakuvimba. Ndipo akamchoma pajani dawa nyeupe, nzito kama maziwa. Kisha akawakalisha bencheni nusu saa nyingine. Walipoondoka wakapewa sabuni na madaftari.

Misi alichechemea siku mbili. Siku ya tatu akatapika na homa ikampanda. Ni kweli kwamba siku hiyo nusu ya darasa lake walitapika, kwa kuwa walivamia shamba la matunda damu yakiwa bado mabichi. Husna aliambiwa. Hakutaka kusikia. Yeye alichoona ni sindano, na baada ya sindano, mtoto anatapika.

Akaenda bombani.

Pale bombani mwalimu mkuu ni Mwajuma, ambaye ndoo yake hujaa mara tatu kwa siku na maneno yake hayaishi.

"Mtu hakupi sabuni bure," akasema Mwajuma. "Akikupa, ujue ameshakuchafua."

"Wanasema moyo."

"Watasema nini kingine? Watu watoke huko kote waje Lukozi, kuna nini hapa? Kabichi? Mimi nilisikia huko chini Mazinde waliwachoma wasichana, sasa hawatazaa."

"Ulisikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu gani, Mwajuma?"

"Watu, mama. Unataka nikuletee na vitambulisho vyao?"

Wanawake wakacheka, Husna akacheka nao, lakini ndoo aliyopandisha nyumbani siku ile ilikuwa nzito kuliko zote. Alikuwa na binti mmoja tu. Baada ya Misi, mimba mbili zilitoka. Sasa mtu amweke huyo mmoja kwenye boksi la karata.

Jioni wakakaa jikoni yeye na Nasra, wanamenya njegere. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya manyunyu, isiyokuwa na haraka.

"Mimi simpeleki tena," akasema Husna.

"Kasema unaweza kutoka."

"Kasema. Nikitoka, Athumani ataniuliza. Na wale nao watakuja hapa na gari lao, uwanja mzima watazame mama aliyekataa mtoto wake kutibiwa. Unaweza kutoka, lakini mlango uko mbele ya watu."

Nasra alimenya maganda mawili matatu. Halafu akasema, "Wewe unalia wamempa. Mimi wangu wamemnyima. Wanamtazama tu. Kila baada ya miezi wanamlaza, wanamtazama. Unajua wanatazama nini? Wanangoja waone atakufa lini, waandike."

"Usiseme hivyo."

"Nilimuomba Sista amchome na Somo. Akasema bahasha yake haisemi hivyo, labda utafiti ukiisha. Miaka miwili, dada. Kovu litanisubiri miaka miwili?"

Punje za njegere zikaendelea kudondoka kwenye sinia. Nasra akacheka peke yake.

"Basi tubadilishane."

"Tubadilishane nini?"

"Watoto. Wako akatazamwe, wangu akachomwe. Wote si Mwanamisi? Wote si ushungi mweupe na sweta la shule? Hata bibi yao akiwaita kwa nyuma wanageuka wote."

Husna akacheka pia. Kisha kicheko kikaisha, na kila mmoja akajua kwamba mwenzake hatanii.

Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Husna alikuwa anajua jambo ambalo Nasra halijui. Somo alipokuwa na miaka mitatu, Nasra alikuwa ndani, amejifungua Abdallah, yuko kwenye arobaini. Somo akashikwa na koo, Husna ndiye aliyempeleka zahanati, akapewa ile dawa ya maji ya pinki, tamu, inayowekwa kwenye kijiko. Kijiko cha pili tu, mtoto akatoka mapele mwili mzima, mdomo ukaumuka kama andazi. Husna alimbeba mbio akamrudisha. Nesi mzee wa wakati ule alimtuliza mtoto, akamwambia Husna: mwambie mama yake, dawa hii huyu asipewe tena maisha yake yote.

Lakini mzazi aliye ndani haambiwi habari mbaya. Habari mbaya inakausha maziwa, kila mwanamke wa kule anajua, na Husna alilelewa hivyo. Akaimwaga ile dawa nyuma ya migomba. Nasra alipomwona mtoto na mdomo ule akapiga ukelele, Husna akasema: nyuki. Nyuki kamuuma, nimeshampeleka, amepona. Alikusudia kumwambia arobaini ikiisha. Arobaini ikaisha wakiwa kwenye mavuno ya viazi. Baada ya hapo ikawa ni vigumu kuanza. Utaanzaje kusema yule nyuki hakuwepo, wakati mwenzio ameshawasimulia nyuki majirani wote?

Kwa hiyo usiku ule wa njegere, kabla hajalala, Husna alilikumbuka. Nitakuwa mwongo nikisema hakulikumbuka. Alijiambia ile ilikuwa dawa ya maji, ya pinki, ya kunywa. Hii ni sindano, nyeupe. Maji na sindano wapi na wapi. Na mtoto ameshakuwa mkubwa. Akavuta blanketi.

Wiki nne zilipotimia, Sista Janeth alikuwa ameitwa Lushoto kwa wiki ile, na kadi zake alimwachia Benjamini, tabibu kijana wa hapo zahanati aliyehamia kutoka Mlalo mwezi mmoja tu nyuma. Husna aliposikia hivyo alisema Mungu amefungua njia. Nasra alibaki shambani ili wasionekane wote wawili. Misi akapelekwa kwa bibi yake kuchambua maharage. Husna akamshika Somo mkono, wakateremka.

"Ukiulizwa jina?"

"Mwanamisi Athumani."

"Si Faraji."

"Si Faraji, mama mkubwa." Somo alikuwa anafurahia, kwake ulikuwa mchezo. "Nikichomwa nikilia nitakuwa nalia mimi au Misi?"

"Usilie tu."

Walikuwa wa kwanza kufika. "Shikamoo, Dokta," akasema Somo, na Benjamini akaitikia marahaba, akachukua kadi, akauliza jina, akajibiwa kama walivyofundishana. Akamgeukia Husna.

"Ile ya kwanza ilimsumbua?"

"Alichechemea siku mbili."

"Kipimo cha chini ya ngozi kilikuwa salama," Benjamini akasoma kwenye kadi. "Vizuri. Hatuna haja ya kurudia."

 Kama Husna angeulizwa wakati ule anahofia nini, angesema anahofia kugundulika.

Somo hakulia. Aliuma ncha ya ushungi, akachomwa pajani, ikaisha. Benjamini akawaonyesha benchi la nje. "Nusu saa, mama. Msiondoke kabla sijawaambia."

Wakakaa. Hazikupita dakika tano, Husna akamwona Eliza anapanda njia ya chini, na mwanawe Kristian anafuata nyuma akiburuta mguu. Kristian naye alikuwa wa sindano. Na Eliza alikuwa na kawaida moja: kumwita kila mtoto kwa jina lake tangu akiwa mbali, kwa sauti ya kanisani. Angefika pale akaita Somo, habari yako, na Benjamini ndani anasikia.

"Inuka," akasema Husna.

"Dokta kasema…"

"Inuka, twende. Tutakaa nyumbani."

Wakazunguka nyuma, kwenye choo, wakashika njia ya mkato ya mlimani inayopita kwenye kichaka cha migomba. Husna alitembea haraka bila kugeuka, kama mtu aliyeiba. Somo akawa anabaki nyuma.

"Mama mkubwa, viganja vinawasha."

"Ulishika upupu?"

"Sikushika."

Hatua chache tena. "Mama mkubwa, na masikio."

Husna akageuka. Alimwona Somo amesimama katikati ya njia, anajikuna shingo kwa mikono miwili, na mdomo wa chini umeshaanza kujaa. Aliujua mdomo ule. Miaka sita haikuwa imeubadilisha hata kidogo.

Somo alitaka kusema jambo lingine, sasa kwa Kisambaa, kama anavyosema akiwa na hofu, lakini sauti ilitoka ya kukwaruza, kama ya mzee, na kifua kikawa kinapiga filimbi.

Mbele palikuwa na nyumbani, hatua mia mbili, bibi na majani yake ya dawa, ya tughutu, na siri yao salama. Nyuma palikuwa na zahanati, Eliza, kadi na Benjamini. Husna alisimama. Siwezi kusema alisimama kwa muda gani. Yeye mwenyewe anasema ni kama wa kufunga kanga. Wengine tunasema hata huo ulikuwa mrefu. Kisha akamtupa mtoto mgongoni, akamkaza na kanga, akateremka mbio kwenye utelezi, anaanguka goti moja, anainuka, na pale shingoni pake anasikia ile filimbi inakuwa nyembamba, nyembamba zaidi.

Benjamini hakuuliza kitu. Alimlaza chini, akachoma adrenalini paja la pili, akamwinua miguu, akamwambia mhudumu alete mtungi wa hewa na apige simu ya gari. Husna alisimama ukutani, matope mpaka kiunoni. Eliza alikuwa amemshika mkono.

Baada ya dakika chache filimbi ikaanza kuwa nene tena. Somo akakohoa, akatapika, akalia. Kulia kwake kulimfanya Benjamini akae chini sakafuni.

"Sielewi," akasema, anafuta jasho. "Ya kwanza ilimkubali kabisa. Imeandikwa hapa."

Ndipo Eliza akasema, kwa nia njema, maana Eliza hana nia nyingine: "Si mmepita kwenye migomba? Baba Kristian juzi kahamishia mizinga miwili pale juu. Mtoto huyu na nyuki hawaivi tangu zamani, uliza mtu yeyote. Mama Misi, kaumwa na nyuki, eti?"

Benjamini akamtazama Husna. "Kaumwa na nyuki?"

Ona sasa. Yule nyuki wa miaka sita amerudi, ametua mbele yake, anambembeleza. Mtoto anapumua. Eliza ni shahidi. Neno moja tu, ndiyo, na hakuna atakayejua kuhusu kadi, wala kubadilishana, wala kijiko cha pinki. Benjamini alikuwa ameshashika kalamu. Husna aliiona ncha ya kalamu iko juu ya kadi, na kitu kilichomtisha kikawa hicho, kalamu, kwa sababu alijua itakachoandika. Itaandika nyuki. Na baada ya wiki nne atachomwa tena. Au baada ya miaka, kwenye zahanati nyingine, na mtu mwingine asiyejua, Husna akiwa ameshazikwa na siri yake.

"Hakuna nyuki," akasema.

"Mama?"

"Hakuna nyuki leo. Hakukuwa na nyuki hata siku ile." Sauti yake haikutetemeka, na hilo ndilo lililomshangaza Eliza kuliko maneno. "Na huyu si Misi. Andika hivyo. Huyu ni Somo wa Nasra. Akiwa na miaka mitatu alipewa ile dawa ya pinki ya koo, akavimba hivi hivi. Niliambiwa nimwambie mama yake. Sikumwambia."

Benjamini akaweka kalamu chini. Alikuwa kijana, angeweza kumtukana, na Husna alikuwa anangoja atukanwe. Badala yake akasema taratibu, "Ile ya pinki na hii ya sindano ni ndugu, mama. Ukoo mmoja. Anayemkataa mmoja anawakataa wote."



Gari lilikuja likawachukua wao na Benjamini mpaka hospitali, Somo akalazwa hadi kesho yake, maana wanasema hali ile inaweza kurudi. Nasra alifika jioni, na udongo wa shambani kwenye miguu. Alimpapasa mwanawe kichwa, mdomo, kifua, mapaja yote mawili. Akasikiliza kila kitu. Husna alimweleza mwenyewe, alimkataza Benjamini asimsaidie. Alieleza kuhusu dawa, kuhusu migomba, kuhusu nyuki. Alipofika kwenye habari ya kubadilishana, Nasra akainua mkono, kama kusema hiyo ni yetu wote, usinieleze.

 Halafu akauliza, "Siku ile, arobaini yangu ilikuwa imefika siku ya ngapi?"

"Ya kumi na tisa."

"Kumi na tisa. Nilikuwa ndani. Ulifanya sawa kuninyamazia, hata mama yangu angefanya hivyo." Alikuwa anamtazama Somo, siyo Husna. "Ungeniambia siku ya arobaini na moja."

 

Wiki iliyofuata Sista Janeth alikuja mwenyewe, akakaa jikoni kwenye kigoda. Hakuja na sabuni. Aliandika kadi mpya ya Somo na kwa wino mwekundu akaandika kwamba asipewe penisilini wala dawa yoyote ya ukoo wake, akawataka Nasra na Faraji na bibi na Husna waisome kwa sauti, mmoja mmoja. Koo likimuuma Somo apelekwe mapema, zipo dawa za ukoo mwingine. Kisha Husna akauliza lile swali ambalo hakumuuliza kabla ya kwenda bombani.

"Sista, kwa nini mlipiga kura? Kama dawa ni nzuri wapeni wote. Kama ni mbaya msimpe hata mmoja."

"Kwa sababu hatujui, mama."

"Hamjui?"

"Hatujui. Tungekuwa tunajua, nisingekuja na bahasha."

Husna alikuwa hajawahi kumsikia mtu wa ofisi akisema hajui. Alimtazama usoni kwa muda, anatafuta uongo, kama alivyozoea. Safari ile alitafuta asipate, na kutopata kulimpa aibu, kwa kuwa uongo wote uliotembea katika habari hii ulikuwa umetoka kwenye mdomo wake.

Misi aliendelea na sindano. Husna humpeleka mwenyewe, anauliza jina la dawa, anauliza tarehe ya chupa, anauliza mpaka Benjamini anacheka, na ile nusu saa anaikaa saa nzima. Mwajuma bado anasema yake bombani. Husna humsikiliza, kisha humuuliza, ulisikia kwa nani, na akijibiwa kwa watu, anabeba ndoo yake.

Nasra hakumsusa. Jiko bado ni moja. Somo sasa anaruhusiwa kwenda kwenye mizinga, na Baba Kristian alimwonjesha sega la kwanza mwenyewe, watoto wote wakimtazama kama atavimba. Hakuvimba.

Lakini asubuhi, Husna akimimina uji na kumpa Somo kikombe, mtoto anapokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama alivyofundishwa. Anashukuru. Halafu kabla hajanywa anageuka kumtazama mama yake, na anangoja mpaka Nasra aitikie kwa kichwa.